Mchoro, Muhuri na Dhamana: Istilahi za Nyaraka za Usanifu katika Miradi ya Uhandisi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mhandisi ni hesabu na chuma, na kwamba lugha humhusu kwa kiasi kidogo tu. Dhana hiyo si sahihi. Mhandisi aghalabu hajengi kwa mkono wake. Anayejenga ni fundi, na fundi hamwoni mhandisi kila siku. Anachokiona ni karatasi. Usanifu wowote, hata ukiwa bora namna gani, hauna budi kupita katika michoro na maandishi kabla haujawa daraja, ghala au tangi la maji, na yale yasiyoandikwa, au yaliyoandikwa kwa neno lenye maana mbili, hupotea njiani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza nyaraka zinazobeba usanifu kutoka kwa mhandisi hadi kwa fundi, na kuchunguza maneno machache ya Kiswahili ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hukutana nayo humo. Tutategemea zaidi mkasa mmoja uliotokea Marekani mwaka 1981. Tumeuchagua kwa kuwa uchunguzi wake uliandikwa kwa ukamilifu, na kwa kuwa chanzo chake hakikuwa tetemeko wala tufani, bali badiliko dogo katika mchoro na maana ya muhuri mmoja. Jambo hili linatuhusu zaidi sasa kuliko zamani. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa katika mazingira maalumu. Yumkini, basi, siku moja hakimu akaulizwa maana ya neno la Kiswahili lililogongwa kwa muhuri juu ya mchoro wa jengo lililoanguka.

Usanifu na suluhisho

Tuanze na neno usanifu lenyewe. Kusanifu, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, kina maana ya kutunga au kubuni kwa ustadi, na humo ndimo msanifu majengo alimopatia jina lake. Lakini sanifu, likiwa kivumishi, tumezoea kulitumia kwa maana ya kitu kilichokubaliwa kuwa kigezo, kama tusemavyo Kiswahili sanifu. Maana hizi mbili zikikutana katika waraka mmoja huweza kuleta madhara. Mchoro wa usanifu ni mchoro uliobuniwa kwa ajili ya jengo fulani na mahali fulani. Mchoro sanifu ni mchoro wa kigezo, mathalani ule wa darasa la shule unaoweza kujengwa Mtwara na Bukoba kwa vipimo vile vile. Mfasiri akiandika mchoro sanifu mahali pa mchoro wa usanifu, msomaji atadhani kwamba kazi hiyo imekwisha kujaribiwa kwingineko, ilhali haijajaribiwa popote.

Neno suluhisho nalo lina walalamishi wake. Wapo wasemao kwamba limetokana na suluhu, na kwamba suluhu ni mapatano baada ya ugomvi, hivyo halifai kutumiwa kwa tatizo la hesabu. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye uzuri wa neno hilo. Usanifu wa kihandisi kwa hakika ni mapatano. Mwenye hoteli ataka ukumbi mpana usio na nguzo. Mhazini wake ataka gharama ndogo. Karakana yataka kitu kinachotengenezeka kwa mashine zilizopo. Na kanuni za majengo zataka usalama kwa kiwango kilichowekwa. Wadai hawa hawapatani kwa urahisi, na suluhisho la usanifu ni pale mhandisi anapowapatanisha. Yafuata kwamba waraka unaolieleza suluhisho hauna budi kuwataja wadai wote, kutaja njia zilizokataliwa na sababu ya kuzikataa. Mchoro peke yake hautoshi kwa kazi hiyo. Mchoro waweza kuonyesha kwamba chuma fulani kina unene wa milimita 32, lakini hauwezi kueleza kwa nini si 25, wala ni kitu gani kitakachotokea akija mtu akapunguza.

Kwa sababu hiyo nyaraka za usanifu ni za namna nyingi, nazo hazina budi kupewa majina yasiyochanganyika. Kwanza iko hati ya maelezo ya usanifu, ambayo hueleza madai, dhana za kuanzia na sababu za uamuzi. Ziko hesabu, ambazo zinaonyesha mzigo unavyoteremka kutoka paa hadi msingi. Iko michoro ya usanifu. Yako masharti ya kazi, yanayotaja aina ya saruji, ubora wa chuma na namna ya kupima. Kisha kuna michoro ya karakana, ambayo haichorwi na mhandisi bali na mtengenezaji wa vyuma, ili kuwaonyesha mafundi wake wapi pakatwe, wapi patobolewe na wapi pachomelewe. Mwisho kuna michoro inayotengenezwa baada ya ujenzi, ambayo tutaizungumzia mbele. Mafundi wetu wengi huziita zote hizi ramani. Hatuwalaumu, maana ramani ya nyumba ni neno la watu na lina haki yake. Lakini katika mkataba, pale ambapo mchoro wa mhandisi na mchoro wa karakana hutengana, neno moja halitoshi.

Mkasa wa Kansas City

Katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, hoteli kubwa ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa wazi wenye vidaraja vya ndani vilivyoning'inizwa kutoka darini, ili wageni wapite kutoka upande mmoja wa jengo hadi wa pili. Kidaraja cha ghorofa ya nne kilikuwa juu kabisa ya kile cha ghorofa ya pili, vyote viwili vikiwa katika mstari mmoja. Cha ghorofa ya tatu kilikuwa kando, kimening'inizwa peke yake.

Mchoro wa usanifu ulionyesha hivi. Fimbo ndefu za chuma zingeshuka kutoka darini, zipenye katika boriti za kidaraja cha juu, ziendelee bila kukatika hadi zipenye katika boriti za kidaraja cha chini. Chini ya kila boriti ingewekwa nati ya kuishikilia. Kwa mpango huo, nati ya juu ingebeba kidaraja cha juu tu, na nati ya chini ingebeba kidaraja cha chini tu; fimbo ndiyo ingebeba vyote viwili.

Karakana iliona shida. Ili nati ifike katikati ya fimbo ndefu namna ile, ingebidi fimbo ichongwe hesi, yaani ile mikato ya mzunguko inayopitisha nati, kutoka ncha ya chini hadi kwenye boriti ya juu, na hesi hizo zingeweza kuharibika wakati wa kuinua na kufunga. Likapendekezwa jambo lililoonekana kuwa jepesi: badala ya fimbo moja, ziwe mbili. Ya kwanza itoke darini iishie kwenye boriti ya juu. Ya pili ianzie kwenye boriti hiyo hiyo ya juu, inchi chache kando, ishuke hadi boriti ya chini.

Kwa macho ya mpita njia mambo hayakubadilika. Vidaraja vilikuwa pale pale, chuma kilikuwa kile kile. Lakini msomaji na awafikirie watu wawili walioning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akiishika kamba kwa mikono yake. Kisha amfikirie yule wa chini akiiacha kamba na kumshika mwenzake miguuni. Kamba haikuongezewa kitu, bali mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati iliyo chini ya boriti ya juu: mzigo wake uliongezeka mara mbili.

Michoro ya karakana yenye fimbo mbili ilipelekwa kwa wahandisi mapema mwaka 1979, ikarudi ikiwa na muhuri wao. Hakuna aliyeipigia hesabu ile nati. Usiku wa tarehe 17 Julai 1981, watu wengi wakiwa ukumbini kwa ajili ya dansi na wengine wakitazama kutoka juu ya vidaraja, nati zilipenya katika boriti, kidaraja cha juu kikaangukia cha chini, na vyote vikawaangukia watu. Waliokufa walikuwa 114, na waliojeruhiwa walizidi 200.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo na viwango ilichunguza, ikatoa taarifa yake mwaka 1982. Ilibainika kwamba kiungo kilichojengwa kiliweza kuhimili takribani asilimia 30 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za mji. Ilibainika pia jambo ambalo wasimulizi wengi husahau kulitaja: hata kiungo cha awali, cha fimbo moja, kingehimili takribani asilimia 60 tu. Badiliko la karakana lilizidisha ubaya wa kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa kimesanifiwa na mtu yeyote.

Maana ya muhuri

Iliwezekanaje kiungo kisisanifiwe na mtu? Hapa ndipo somo la istilahi linapoanza. Wahandisi walieleza baadaye kwamba, kwa desturi waliyoijua, viungo vya vyuma husanifiwa na karakana. Walichokichora wao kilikuwa wazo, na karakana ingelikamilisha. Karakana kwa upande wake ilikiona kiungo kimechorwa katika mchoro wa mhandisi, ikakichukulia kuwa kimekwisha kusanifiwa, na kwamba kazi yake ilikuwa kukitengeneza tu. Michoro iliporudi na muhuri, karakana iliusoma muhuri huo kuwa wasema: tumekubali, endeleeni. Wahandisi waliugonga wakimaanisha jambo dogo zaidi. Muhuri ulikuwa mmoja, lakini kila upande uliusoma kwa namna yake, na kiungo kikabaki katikati bila mwenyewe.

Wahandisi wawili waliohusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri, na mwaka 1988 mahakama ya rufani ya jimbo hilo ilishikilia uamuzi huo. Msimamo uliotoka humo ni kwamba anayetia muhuri wake juu ya usanifu hawezi kuhamishia dhamana ya usanifu huo kwa mtu mwingine kwa hoja ya desturi.

Sasa tuutazame muhuri wa Kiswahili. Neno linalomjia mfasiri upesi ni IMEKAGULIWA. Ni neno zuri, fupi, na linaingia vyema katika kisanduku cha muhuri. Lakini tulichambue. Kiambishi i- cha mwanzo kinawakilisha kitu gani? Chaweza kuwa michoro, chaweza kuwa kazi, chaweza kuwa hesabu ikichukuliwa kuwa moja, chaweza kuwa hati. Na kauli ya kutendwa haimtaji mtendaji. Kwa hiyo neno hilo moja limeficha aliyekagua na kilichokaguliwa, nayo ndiyo mambo mawili ambayo mahakama itataka kuyajua kabla ya mengine yote.

Ni ajabu kwamba kasoro hii itokee katika Kiswahili, lugha ambayo sarufi yake ina dawa ya kasoro hiyo. Upatanisho wa ngeli hutuwezesha kusema kwa maneno machache kitu ambacho lugha nyingine hukieleza kwa sentensi nzima. Mhandisi aliyeandika nimeipitia michoro amesema jambo moja. Aliyeandika nimezikagua hesabu za viungo amesema jambo jingine kabisa. Tunapendekeza kwamba mihuri na fomu za miradi ziachane na kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji, zitumie nafsi ya kwanza na kutaja kilichotendwa. Kisanduku kitakuwa kikubwa kidogo, na wino utatumika zaidi. Gharama hiyo inavumilika.

Vitenzi vyenyewe navyo vyahitaji kutengwa, maana katika ofisi zetu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kupitia, kwa maoni yetu, kuwe ni kusoma waraka ili kuona kama unalingana na wazo la jumla la usanifu, bila kurudia hesabu. Kukagua kuwe ni kulinganisha kitu kimoja kimoja na kipimo chake: mchoro na hesabu, au chuma kilicholetwa na masharti ya kazi. Kuhakiki tungependa kulihifadhi kwa kazi ya mtu wa pili, asiye msanifu wa kwanza, anayepiga hesabu upya kwa njia yake. Na kuidhinisha kubaki kuwa tendo la mwenye mamlaka, ambalo linaruhusu kazi iendelee na kumbebesha dhamana. Wako watakaosema kwamba neno kuthibitisha lafaa mahali pa kuhakiki. Hatukubaliani nao, kwa kuwa kuthibitisha kumezoeleka mno katika mambo ya ajira na ya ushahidi, na msomaji wa barua ya serikali atalielewa hivyo.

Badiliko, sahihisho, rekebisho

Lile pendekezo la fimbo mbili lingeandikwaje kwa Kiswahili? Twahofia kwamba wengi wetu tungeandika marekebisho madogo. Kurekebisha ni kuweka sawa kitu kilichokaa vibaya, na neno hilo humtuliza msomaji: latoa habari kwamba hali ilikuwa mbaya, na sasa ni nzuri. Masahihisho nayo ni ya makosa ya kalamu, kama namba iliyoandikwa kinyume au herufi iliyorukwa. Kitendo cha kukata fimbo moja kuwa mbili hakikuwa chochote katika hivyo. Kilikuwa badiliko la usanifu, yaani tendo linalobadili njia ya mzigo, na badiliko la usanifu hudai hesabu mpya, hata kama mchoro umebadilika kwa upana wa kidole. Twashauri neno marekebisho lisitumiwe kabisa katika fomu za mabadiliko ya miradi. Fomu iulize kwanza, kwa swali lililo wazi, kama mzigo utapita njia nyingine. Na jibu liandikwe na aliyesanifu, si na aliyependekeza.

Tumetaja mzigo, na yafaa tuseme neno moja juu yake. Uzito wa kitu si lazima uwe sawa na mzigo unaobebwa na kiungo fulani. Mkasa tuliousimulia ni ushahidi wa kutosha, maana uzito wa vidaraja haukuongezeka hata ratili moja. Walimu wa fizikia wamekwisha kutupatia kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, na hakuna sababu ya wafasiri kurudi kwenye nguvu, neno ambalo fundi hulitumia pia kwa uimara wa chuma na kwa umeme.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni lugha ya amri. Wafasiri wengi wa masharti ya kazi huandika: mkandarasi atatumia kokoto safi. Hiyo ni njeo ya wakati ujao, nayo hubashiri tu. Mkandarasi mwerevu aweza kusema kwamba alikusudia kuzitumia, lakini hazikupatikana. Kinachotakiwa ni sharti, au ni lazima. Kwa ushauri tuseme yafaa, na kwa hiari tuseme anaruhusiwa. Neno anaweza liepukwe, kwa kuwa halijulikani kama lahusu ruhusa au uwezo. Maneno haya matatu yafafanuliwe katika ukurasa wa kwanza wa mkataba, kisha yasibadilishwe kwa ajili ya kupamba mtindo. Mwalimu wa insha hufundisha kwamba neno lisirudiwe mara nyingi. Katika masharti ya kazi fundisho hilo ni la kuwekwa kando, kwa kuwa msomaji akikuta neno jipya atatafuta maana mpya.

Kuhusu vipimo hatutasema mengi. Chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea tarehe 23 Septemba 1999, kwa sababu kundi moja lilitoa tarakimu kwa vipimo vya Kiingereza, na kundi la pili likazipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Tarakimu zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jina la kipimo. Hapa kwetu mbao bado huitwa mbili kwa nne, maana yake inchi, ilhali mchoro umeandikwa kwa milimita. Na mzee aliyezoea nondo ya nusu inchi huhesabu kuwa ni sawa na ya milimita 12, ingawa nusu inchi ni milimita 12.7. Zege nayo mara nyingi hupimwa kwa karai na kwa ndoo. Waraka unaotaja uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4 bila kusema ni uwiano wa ujazo au wa uzito, na bila kutaja ukubwa wa chombo cha kupimia, umemwachia kibarua wa zamu kazi ya kusanifu zege.

Imebaki ile michoro ya baada ya ujenzi. Hii ni michoro inayoonyesha kitu kama kilivyojengwa kweli, pamoja na mabadiliko yote yaliyofanyika kazini, ili atakayekuja kukarabati baada ya miaka thelathini asidanganywe na mchoro wa kwanza. Bado haijapata jina moja linalotumiwa na wote. Mchoro wa mwisho haufai, kwa kuwa wachoraji hutumia jina hilo kwa mchoro wa mwisho wa usanifu, kabla jembe halijagusa ardhi. Mchoro halisi unapotosha, kana kwamba ile mingine ilikuwa ya uongo. Sisi tunaegemea mchoro wa kilichojengwa, ingawa ni refu na halivutii masikioni, kwa kuwa fundi akilisikia mara ya kwanza halihitaji kuelezwa. Wasomaji walio katika idara za ujenzi, maji na reli, ambao yumkini wana jina jingine walilokwisha kulizoea kazini, tunawaomba watuandikie, wakitaja pia wametumia jina hilo katika waraka wa namna gani na ni nani waliolielewa.